Mzazi, Mtoto na Fomu ya Gredi ya 9

Mwaka 2025, watoto wa Gredi ya 9 hapa Lamu, kama wenzao wa Kenya nzima, walitakiwa kufanya jambo ambalo wazazi wao hawakuwahi kulifanya walipokuwa na umri ule. Walitakiwa kuchagua mkondo watakaoufuata katika Sekondari ya Juu kuanzia Januari 2026: ama sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ama sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Sisi tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, tulipangiwa mengi na alama za mtihani, na mzazi alisubiri matokeo ya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ndipo ajue mtoto ameitwa shule gani. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa mtoto wa miaka 14 au 15 anaulizwa anaelekea wapi, na inatarajiwa kwamba kabla ya kujibu atakuwa ameketi na wazazi wake wakalizungumza jambo hilo.

Nafundisha hisabati katika mji huu niliozaliwa, na katika kipindi kile cha kuchagua mikondo nilipokea wazazi wengi kuliko wakati mwingine wowote. Wengi walikuja wakiwa wameishika fomu mkononi, mtoto hayupo, wakaniambia kwa heshima kubwa: "Mwalimu, wewe ndiye ujuaye. Mtilie unaloona lamfaa." Wengine hawakuja kabisa, na watoto wao walijaza waliyoyaona kwa marafiki. Wachache walikuja mzazi na mtoto pamoja, na baadhi yao walibishana mbele yangu, baba akitaka sayansi na binti akitaka sayansi za jamii kwa kuwa ametamani kuwa wakili tangu akiwa mdogo. Niliwatazama wale waliobishana nikawaona kuwa ndio waliobahatika zaidi, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa anajua mwenzake anafikiri nini.

Ninaloamini, baada ya kuwatazama watoto hawa kwa muda mrefu, ni kwamba njia ya elimu ya kijana hutegemea sana kama anaweza kuzungumza na mzazi wake kuhusu masomo kabla mambo hayajaharibika. Umaskini una uzito wake, na sitaki kuupunguza. Najua familia ambazo karo ya muhula mmoja huwakosesha usingizi, na basari haimfikii kila anayeihitaji. Hata hivyo nimeona watoto wa nyumba duni kabisa wakifika chuo kikuu, na nimeona watoto wa nyumba zenye neema wakiacha skuli kidato cha pili, na mara nyingi tofauti niliyoikuta kati ya nyumba hizo ni mazungumzo.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba wazazi wa Lamu wanajua vizuri sana namna ya kumsindikiza mtoto katika masomo. Mtazame mtoto anayesoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani. Baada ya Maghribi huketi mkekani, msahafu ukiwa juu ya marufaa, akadurusi sura aliyopewa na mwalimu wake. Mama yuko karibu, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mikono iko kazini na sikio liko kwa mtoto. Mtoto akiruka aya au akifupisha herufi inayotaka kuvutwa, mama hanyanyui hata kichwa. Humwambia tu, "Rudi nyuma," na mtoto hurudi. Baba akiingia huuliza amefika wapi, na akisikia ameanza juzuu mpya hufurahi waziwazi. Mwalimu wa chuo anajulikana, husalimiwa njiani, hupelekewa chakula, na mtoto akikosa siku mbili mwalimu atauliza habari zake kwa jirani. Siku mtoto anapohitimu Kurani nyumba nzima husherehekea, na mtoto mwenyewe anaona kwa macho yake kwamba elimu aliyoipata ni fahari ya watu anaowapenda.

Mji huu umejengwa juu ya malezi ya namna hiyo. Msikiti na chuo cha Riyadha, vilivyoasisiwa na Habib Saleh mwishoni mwa karne ya 19, vimewavuta wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, na hakuna mzee wa Lamu anayehitaji kuelezwa na mtu kwamba elimu haipatikani ila kwa kuandamana na mwenye elimu, kwa subira, na kwa kusikilizwa kila siku.

Asubuhi ya pili mama yule yule humfunga mtoto vifungo vya shati la skuli, humpa chai na mahamri, humsindikiza hadi mlangoni, na hapo mambo huishia. Ya skuli ni ya mwalimu. Ukimuuliza ni mada gani mtoto anasoma katika hisabati, hajui. Ukimuuliza mwalimu wa darasa ni nani, huenda akalijua jina moja. Sababu zake hazifichiki. Skuli ililetwa na serikali ya kikoloni, na wazee wengi wa pwani waliitazama kwa wasiwasi wakihofia dini ya watoto wao. Lugha ya vitabu ni Kiingereza, ambacho mama huyu hakukisoma, na mtu mzima huona haya kuuliza swali mbele ya mwanawe katika lugha asiyoijua. Kwa hiyo mzazi hujitoa akidhani kwamba hana cha kuchangia, na mtoto hutafsiri kujitoa kule kwa namna yake: kwamba haya ya skuli hayamhusu sana mama, na kwa hiyo si lazima yamhusu sana yeye.

Ningependa kila mzazi mwenye dhana hiyo ajue matokeo ya kazi moja ya utafiti. Mwaka 2009, watafiti wawili wa Marekani, Nancy Hill na Diana Tyson, walizichambua kwa pamoja tafiti 50 kuhusu ushiriki wa wazazi katika masomo ya watoto wa shule za kati, ambao umri wao ni karibu na ule wa watoto wetu wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9. Waligundua kwamba aina ya ushiriki iliyoambatana zaidi na mafanikio ya mtoto ilikuwa mzazi kuzungumza naye kuhusu thamani ya elimu, kumweleza anayoyatarajia kwake, kuyahusisha masomo yake na maisha anayoyatamani, na kupanga naye ya mbele. Kumsaidia kazi za nyumbani hakukuonyesha manufaa yanayotegemeka, na pengine kuliambatana na matokeo mabaya, labda kwa kuwa mzazi huingilia mtoto akiwa tayari ameshindwa, au humnyima nafasi ya kujitegemea. Watoto waliochunguzwa ni wa Marekani na maisha yao si ya Langoni, mtaa wa hapa Lamu, lakini nilipoyasoma matokeo hayo nilimkumbuka yule mama wa mbuzi ya nazi. Yale manne hayahitaji Kiingereza, wala hayahitaji kujua kanuni ya Pythagoras.

Nimemwona mama mmoja akiyatenda bila kuambiwa na mtu. Hakuendelea na skuli baada ya madarasa ya chini, na riziki yake ni viazi vya karai na bajia anazouza jioni. Binti yake humsaidia kumenya viazi, na wakati wanamenya mama humwita kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu: "Ndoo mwanangu, nambia, yeo mumesomani?" yaani njoo, niambie, leo mmesoma nini. Binti lazima aeleze, na aeleze kwa Kiswahili mpaka mama aelewe. Siku niliyopita pale walikuwa kwenye usanidinuru, yaani namna jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na mama alikuwa ameshika kiazi kilichochipua akiuliza, "Na hiki kilichomea kabatini gizani, chakula chake kimetoka wapi?" Binti hakujua, akaahidi kumuuliza mwalimu kesho yake, na akamuuliza. Lile lilikuwa swali la kisayansi hasa, limetoka kwa mtu asiye na cheti chochote, na binti yule alijifunza kwa jibu lake kwamba kiazi chenyewe ni ghala la wanga ambalo chipukizi hulitumia hadi lipate mwanga. Amechagua mkondo wa sayansi, na alipoulizwa sababu na mwalimu wa darasa, alijibu bila kusitasita kwa kuwa alikuwa ameshazoea kujieleza.

Upande wa pili ni woga. Kijana mmoja niliyemfundisha alianza kuanguka katika hisabati mwaka wa pili wa sekondari, na kwa muda mrefu ripoti zake zilirudi shuleni zikiwa zimetiwa sahihi safi ya baba yake. Baadaye ilibainika kwamba sahihi zile alizitia mwenyewe, na ripoti halisi zilikuwa zimekunjwa chini ya godoro. Hakuwa mtoto mwongo kwa tabia. Alikuwa anamwogopa baba yake kiasi kwamba hakuona njia nyingine, na kila muhula uliopita uliifanya siri ile iwe nzito zaidi kuitoa. Kama angesema mapema, hesabu zenyewe zingerekebishika. Alikuwa hajashika sehemu na desimali, jambo ambalo mtu hulisawazisha kwa likizo moja akisaidiwa. Baba alipokuja kujua, kijana alikuwa tayari anashinda kwenye boti za wageni, ambako mtu hupewa pesa mkononi jioni ile ile na hakuna anayeuliza ripoti. Baba yule aliumia mno. Alikuwa amelipa karo zote kwa wakati, na aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu jepesi kwake: yeye amekosa nini?

Sisemi kwamba ukali ndio uliomharibu. Mwanasaikolojia Diana Baumrind, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alianza katika miaka ya 1960 kuwagawa wazazi kwa namna wanavyolea: wale wanaoamrisha bila kusikiliza, wale wanaomwachia mtoto kila kitu, na wale wanaoshika msimamo huku wakimsikiliza mtoto na kumweleza sababu. Watoto wa kundi hili la tatu ndio walioonekana kustawi zaidi. Lakini mwaka 1994 Ruth Chao, aliyewachunguza wazazi wenye asili ya Kichina nchini Marekani, alionyesha kwamba ukali hauna maana moja katika kila jamii, na kwamba pale ambapo unakwenda pamoja na kujitolea na ukaribu, mtoto anaweza kuuona kuwa ni mapenzi. Mimi nakubaliana naye, kwa sababu wengi wetu tulilelewa na watu wakali tuliowapenda na waliotupenda. Bibi yangu alikuwa mkali, na bado yeye ndiye niliyemkimbilia nilipofeli, kwa kuwa nilijua atanikaripia kwanza kisha atauliza tufanye nini. Kinachomdhuru mtoto ni ule ukali ambao baada yake hakuna kinachofuata.

Yapo pia maneno yanayotoka kwa mapenzi na bado yakafunga mlango. "Mtazame mtoto wa ami yako" ni mojawapo. "Mimi naungua na jua baharini kwa ajili yako" ni jingine, na hili ni zito zaidi kwa kuwa ni kweli. Mtoto anayeambiwa kila mara kwamba masomo yake ni deni analolipiwa kwa jasho la baba, huona kila alama mbaya kuwa ni usaliti, naye huificha.

Kuna familia nyingi ambazo mzazi hayupo nyumbani, na hizo hazikosi la kufanya. Wapo akina baba wanaokaa baharini siku nyingi, wapo akina mama walioko Uarabuni wakifanya kazi za nyumbani, na watoto wamebaki kwa bibi au kwa khaloo. Mazungumzo ya simu ya familia hizi mara nyingi hufanana: umekula, karo imefika, unasoma vizuri, na mtoto hujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Namjua mama mmoja aliyeko ng'ambo ambaye hakuridhika na ndiyo hizo. Kila Ijumaa mwanawe humpigia picha kurasa za madaftari ya wiki ile na kuzituma kwa WhatsApp, na mama humrudishia ujumbe wa sauti akiuliza kuhusu kile alichokiona: mbona mwalimu ametia alama nyekundu hapa, mbona Jumatano haina kitu. Hasomi yote, na mengine hayaelewi, lakini mtoto anajua kwamba Ijumaa daftari lake litafunguliwa na mtu anayemjali. Nao wazazi waliotengana, ambao mjini kwetu si wachache, wakumbuke kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, inampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wamewahi kuoana au la. Baba aliyehamia mtaa mwingine bado ni baba siku ya kuchagua mkondo.

Kwa wasichana jambo hili lina makali yake. Skuli nzuri inayomfaa binti inaweza kuwa Mombasa au Nairobi, safari ya boti hadi Mokowe upande wa bara na kisha ya basi ndefu, na mzazi ana hofu ambayo siwezi kuiita ya kijinga. Nimeona hofu hiyo ikishindwa mara nyingi kwa sababu moja, kwamba baba na binti walikuwa wamezoea kusemezana, na baba alimwamini kwa kuwa anamfahamu. Pale ambapo baba humjua binti yake kwa salamu tu, hofu huamua peke yake, na posa ikija huonekana ni salama kuliko bweni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa chini kuwa miaka 18, lakini msichana anaweza kuachishwa masomo kimyakimya hata kabla ya posa yoyote, kwa kuambiwa tu apumzike mwaka huu.

Kuhusu wavulana, lipo ninalolisema kila nikipata nafasi. Baadhi ya wanafunzi wangu wanatoka katika familia za mafundi wa majahazi, na kijijini Matondoni mtoto hukua akiona mkuku, uti wa mgongo wa chombo, unalazwa, na mataruma, mbavu zake, yanapangwa moja baada ya jingine kwa jicho la fundi, bila mchoro wa karatasi. Mtoto huyo ameona pembe, ulinganifu na uwiano tangu hajajua kusoma, kisha anaingia darasani kwangu anaamini kwamba hisabati ni kitu cha watu wengine. Baba yake angeweza kuibadilisha imani hiyo kwa alasiri moja, akimwonyesha mwanawe namna anavyohakikisha kwamba upande wa kulia wa chombo umelingana na wa kushoto, na kumwambia kwamba anayoyasoma skuli ni haya haya. Badala yake baba wengi humwambia mtoto, "Wewe soma, usije ukawa kama mimi." Wanakusudia mema. Mtoto anasikia kwamba kazi ya baba yake haina thamani, na kwamba yeye mwenyewe, asipopata alama kubwa, hatakuwa na thamani.

Kauli hiyo huwafuata hadi mwisho wa kidato cha nne. Alama ya wastani ya C+ ndiyo inayofungua mlango wa shahada ya chuo kikuu, na wazazi wengi huhesabu kila alama iliyo chini yake kuwa ni kufeli, hata pale ambapo kijana anaweza kusomea stashahada au ufundi katika chuo cha kiufundi na akapata kazi yenye heshima. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, inahitaji mafundi umeme, waendesha mitambo na mabaharia wenye vyeti, na vijana wetu hulalamika kwa haki kwamba watu wa mbali ndio wanaochukuliwa. Kijana mwenye C- ambaye nyumbani kwake kuna mazungumzo huambiwa: haya, tumepata hili, tutazame milango iliyo wazi. Yule ambaye nyumbani kwake kuna kimya hukaa mwaka mzima barazani akitafuna muguka, akiona haya kuitaja alama yake, na mwaka ule unapokwisha nafasi zake nyingi zimekwisha nao.

Skuli nazo zina la kurekebisha, na hapa nazungumza na walimu wenzangu. Tunawaita wazazi mikutanoni siku ya kazi, asubuhi, muhula wa kwanza, wakati wa kaskazi ambapo bahari ni tulivu na wavuvi wako kazini. Kisha tunaandika katika kumbukumbu kwamba akina baba hawajali. Mkutano wa mikondo ungefaa ufanywe katika muhula wa pili, kusi likivuma na vyombo vingi vikiwa vimepumzika, baada ya sala ya Alasiri, na ufanywe kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Ungefaa umkalishe kila mtoto kando ya mzazi wake, fomu ikiwa mbele yao wote wawili, na mwalimu asiishike kalamu mpaka mtoto ameeleza anachokitaka na mzazi ameuliza maswali yake yote. Nimeliwasilisha pendekezo hili kwa wenzangu wa idara, na wamelikubali kwa kundi la Gredi ya 9 lijalo. Tunamwomba pia mwalimu wa chuo wa kila mtaa ahudhurie, maana yeye anawajua watoto hawa tangu walipokuwa wakisoma alifu, na wazazi wamezoea kumsikiliza.